Seoul kwa siku tatu: kila kasri na makumbusho yake

Wageni wengi hutoka kasri la Gyeongbokgung na lalamiko lile lile: kumbi ni nzuri, lakini ndani hamna kitu. Wana haki. Unachungulia mlangoni, unaona kiti cha enzi, nguzo nyekundu na sakafu iliyosuguliwa, basi. Makasri ya Seoul yaliteketea Wajapani walipovamia mwaka 1592, yakajengwa upya, mengine yakaungua tena, kisha wakati wa ukoloni wa Japani, 1910 hadi 1945, sehemu kubwa ikabomolewa. Vitu vilivyosalimika vimehifadhiwa makumbusho, na vingine vimezunguka hadi Tokyo na Paris kabla ya kurudi.

Ndiyo maana sikushauri kuyazunguka makasri yote matano mfululizo kama makampuni ya utalii yanavyopenda kupanga. Ukifika la tatu, macho yatakuwa yamechoka na mapaa yataanza kufanana. Chagua machache, na kila kasri liendee pamoja na makumbusho yanayolikamilisha. Siku tatu zinatosha.

Kabla ya kusafiri

Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda wanahitaji viza, na kuna ubalozi wa Korea Kusini Dar es Salaam na Nairobi. Omba mapema. Wengi wetu hupitia Addis Ababa, Doha au Dubai hadi uwanja wa Incheon, na kutoka hapo treni ya AREX inakufikisha Seoul Station. Ziko za aina mbili: ya moja kwa moja, na ile inayosimama kila stesheni, ambayo huchukua kama saa moja na bei yake ni nafuu zaidi. Mimi ningepanda hiyo ya pili. Tofauti ya muda haina maana kwa mtu aliyetoka safari ya usiku kucha.

Kwa majira, nenda Aprili, au Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Julai ni mvua na joto la kunata. Januari baridi hushuka chini ya sifuri, na makasri ni viwanja vya wazi visivyo na pa kujikinga na upepo.

Kalenda ndiyo inayowaangusha wengi. Gyeongbokgung hufungwa Jumanne, na mahali patakatifu pa kifalme pa Jongmyo hivyo hivyo. Changdeokgung, Changgyeonggung na Deoksugung hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Taifa hayafuati utaratibu huo. Hufunguliwa karibu mwaka mzima, isipokuwa siku chache, zikiwemo 1 Januari na siku zenyewe za sikukuu za Seollal (mwaka mpya wa Kikorea) na Chuseok (sikukuu ya mavuno). Ukianza ziara yako Ijumaa, hutagonga mlango uliofungwa.

Kitu kimoja lazima ukiwekee nafasi ukiwa bado nyumbani: Huwon, bustani ya kifalme iliyo ndani ya Changdeokgung. Watu huingizwa kwa makundi pamoja na mwongozaji, na ziara za Kiingereza ni chache kwa siku. Nafasi za mtandaoni hufunguliwa siku sita kabla, saa nne asubuhi kwa saa za Seoul. Afrika Mashariki hiyo ni saa kumi alfajiri. Weka kengele. Msimu wa majani mekundu, mwishoni mwa Oktoba, nafasi huisha haraka mno. Zipo tiketi zinazobakizwa kuuzwa getini siku hiyo hiyo, lakini hizo ni za wanaokubali kupanga foleni kabla geti halijafunguliwa.

Pakua Naver Map au KakaoMap. Ramani za Google kwa miaka mingi zimekuwa dhaifu Korea, hasa katika kuelekeza mtu anayetembea kwa miguu. Nunua kadi ya T-money katika duka lolote dogo lililo wazi usiku kucha, ujaze pesa, na itakulipia treni na basi. Kuijazia mara nyingi hutaka noti, kwa hiyo usitegemee kadi ya benki tu. Malazi tafuta mtaa wa Jongno, karibu na stesheni ya Anguk au Jongno 3-ga. Karibu kila nitakachokitaja hapa kiko umbali wa kutembea au stesheni chache.

Kiingilio si tatizo. Gyeongbokgung na Changdeokgung zimekuwa zikitoza won 3,000 kila moja, Changgyeonggung na Deoksugung won 1,000, na Huwon won 5,000 juu ya tiketi ya kasri. Hakikisha bei kabla ya kwenda, kwa maana mazungumzo ya kuzipandisha hayaishi. Anayevaa hanbok, lile vazi la asili, huingia bure. Maduka ya kukodisha yamejaa kuzunguka Gyeongbokgung, na kama umekulia kwenye tamthilia za Kikorea zilizoingizwa Kiswahili, najua utakodi tu. Hata hivyo jiulize kama uko tayari kupanda ngazi za mawe nusu siku na sketi inayoburuza chini.

Siku ya kwanza: makumbusho ya kifalme, kisha Gyeongbokgung

Shuka stesheni ya Gyeongbokgung, mstari wa 3, utokee mlango namba 5. Umati utakata kuelekea kwenye kasri. Wewe ingia jengo lililo pale pale, Makumbusho ya Taifa ya Kasri, ambayo hayana kiingilio.

Humo ndimo kilimohamia kile ambacho kasri limekipoteza: mihuri ya wafalme, mavazi, vyombo vya ibada, na jiwe kubwa lililochongwa ramani ya nyota mwaka 1395, mwaka ule ule Gyeongbokgung ilipokamilika. Tafuta saa ya maji, Jagyeongnu, ambayo imeundwa upya. Ile ya asili ilitengenezwa mwaka 1434 na Jang Yeong-sil, mtu aliyezaliwa mtumwa wa serikali, akapandishwa cheo na mfalme Sejong kwa sababu ya ufundi wake. Yapo pia magari ya familia ya Sunjong, mfalme wa mwisho: Daimler na Cadillac. Dinasti iliyoanza mwaka 1392 ilimalizikia kwenye viti vya Cadillac.

Kabla hujatoka, tazama kwa makini kiwambo kilichochorwa jua, mwezi na vilele vitano vya mlima. Kisha toa noti ya won 10,000 mfukoni. Mchoro ni ule ule, nyuma ya sura ya Sejong. Kila alipoketi mfalme, kiwambo hicho kilikuwa nyuma yake. Utakiona tena baada ya chakula.

Chakula cha mchana kipo soko la Tongin, upande wa magharibi, mwendo wa dakika chache. Siku nyingi unaweza kununua sarafu za shaba za mtindo wa kale na kuzibadilisha kwa vyakula kwenye meza za wauzaji. Asiyekula nguruwe aulize kila sahani, maana nyama hiyo huingia hata kwenye mboga.

Rudi upande wa lango la Gwanghwamun kabla ya saa nane mchana. Hapo walinzi waliovaa kama wa enzi zile hubadilishana zamu kwa ngoma na tarumbeta. Asubuhi hufanyika pia saa nne, lakini kwa mpango wangu wakati huo uko makumbusho, na hupotezi kitu.

Sasa kasri lenyewe. Elewa kwamba baada ya moto wa 1592 lilikaa gofu kwa zaidi ya miaka 270. Aliyelifufua ni Heungseon Daewongun, baba wa mfalme Gojong, aliyeshika hatamu mwanawe akiwa mdogo. Kazi kubwa ilikamilika mwaka 1867. Wajapani wakaja kubomoa sehemu kubwa na kusimika mbele yake makao makuu ya serikali ya kikoloni, jengo kubwa la mawe lililokamilika mwaka 1926 na kulificha kasri kabisa. Baada ya uhuru Wakorea walilitumia jengo hilo kwa kazi mbalimbali, na tangu 1986 likawa Makumbusho ya Taifa. Walianza kulivunja tarehe 15 Agosti 1995, miaka 50 kamili baada ya Japani kusalimu amri. Nafasi ile kubwa unayoivuka baada ya Gwanghwamun ndipo lilipokuwa.

Katika uwanja wa ukumbi wa enzi, Geunjeongjeon, usikimbilie ukumbini. Simama katikati, uangalie chini. Mawe yamechongwa kwa ukavu makusudi, yasiteleze na yasirudishe mwanga wa jua machoni. Pande mbili za njia vimepangwa vijiwe vyenye maandishi ya Kichina: hivyo ni vyeo. Maofisa wa kiraia walisimama mashariki, wa kijeshi magharibi, daraja la kwanza karibu na mfalme, la tisa huko nyuma. Tembea kutoka kijiwe cha mwisho hadi cha kwanza ndipo utajua ofisa mdogo aliona nini cha mfalme wake: karibu hakuna. Kisha tafuta pete za chuma zilizokitwa sakafuni na kwenye nguzo. Zilikuwa za kufungia kamba za maturubai siku za jua kali au mvua.

Ukumbini, achana na msongamano wa mlango wa mbele. Zunguka hadi mlango wa pembeni, inama kidogo utazame darini. Kuna majoka mawili ya dhahabu, yenye kucha saba kila mguu. Watu wengi hupiga picha ya kiti na kuondoka bila kuyaona.

Gyeonghoeru, banda la karamu lililo juu ya bwawa, limebebwa na nguzo 48 za mawe. Nje za pembe nne, ndani za mviringo. Kupanda juu kunahitaji nafasi iliyowekwa, lakini ukiwa ukingoni mwa bwawa unaliona lote. Nyuma ya makazi ya malkia angalia dohani. Nyumba hizi zilipashwa joto kwa moshi uliopita chini ya sakafu, hivyo dohani ilijengwa mbali na ukuta, na mafundi wakaigeuza pambo. Ile ya Jagyeongjeon, makazi ya mama mkuu wa kifalme, imechorwa viumbe vya maisha marefu: misonobari, korongo, kulungu, kobe.

Endelea kaskazini hadi mwisho, ambako wengi hawafiki kwa uchovu. Geoncheonggung ni nyumba zisizo na rangi, kama za mwungwana wa kawaida. Hapo ndipo taa za umeme za kwanza Korea zilipowaka mwaka 1887, na hapo ndipo Malkia Myeongseong alipouawa na Wajapani alfajiri ya 8 Oktoba 1895. Mzungu mmoja, msanifu majengo Sabatin kutoka Urusi, alikuwemo kasrini usiku ule akaona mauaji hayo. Likumbuke jina lake hadi siku ya tatu.

Jambo la adabu: usiandike wala kukwaruza kitu. Desemba 2023 kuta za kasri hili zilipuliziwa rangi, na serikali iliwafikisha wahusika mahakamani. Na ukienda mtaa jirani wa Bukchon, wenye nyumba za asili, jua kwamba watu wanaishi mle. Sehemu yenye msongamano imewekewa saa za wageni, saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na kuanzia 2025 anayevunja hutozwa faini.

Siku ya pili: Changdeokgung, Changgyeonggung, na Makumbusho ya Taifa

Kama utapata muda wa kasri moja tu Seoul, liwe hili. Changdeokgung ilijengwa mwaka 1405, na wafalme wengi waliipenda kuliko Gyeongbokgung iliyonyooshwa kwa kamba. Huku majengo yanafuata mteremko wa kilima. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997.

Ingia saa moja kabla ya zamu yako ya Huwon. Katika ukumbi wa enzi, Injeongjeon, utaona mapazia na taa za umeme zikining'inia juu ya kiti cha mfalme, mabaki ya miaka ya mwisho ya dinasti. Kisha nenda Nakseonjae, nyumba ya mwaka 1847 ambayo mbao zake hazikupakwa rangi. Ukoo wa kifalme uliendelea kuishi humo hadi 1989, mwaka aliofariki binti mfalme Deokhye. Kuna watu wazima leo waliokuwa shuleni wakati huo.

Bustani ya Huwon huchukua zaidi ya nusu ya eneo la kasri. Vaa viatu vya kutembelea, kwani njia inapanda na kushuka. Kituo kikuu ni bwawa la Buyongji, la pembe nne na kisiwa cha duara, dunia na mbingu kwa fikra zao. Juu yake kuna jengo ambamo mfalme Jeongjo, alipotawazwa mwaka 1776, alianzisha maktaba ya Gyujanggak. Ziara ikifika hadi kijito cha Ongnyucheon, tafuta kibanda kilichoezekwa nyasi kando ya kajaruba ka mpunga. Mfalme alilima hapo kwa mkono wake kidogo, na mabua ya mpunga ndiyo yaliyoezekea paa. Katikati ya vigae vyote vile vya kifalme, hicho ndicho kinachonibakia.

Usitoke kwa lango kuu. Pitia lango la Hamyangmun, ulipe won 1,000, uingie Changgyeonggung. Hapa Jeongjo anapata maana. Mwaka 1762, babu yake, mfalme Yeongjo, alimfungia mwanawe mwenyewe, Sado, mrithi wa kiti, ndani ya kasha la mchele katikati ya kiangazi. Alikufa siku ya nane. Hayo yalitokea kwenye uwanja wa Munjeongjeon, ambao utaupita kwa hatua chache. Jeongjo alikuwa mtoto wa Sado, mvulana wa miaka kumi hivi wakati huo. Baadaye ndiye akaja kuwa mfalme wa vitabu.

Sehemu iliyobaki ya kasri ina utupu mkubwa wenye sababu. Mwaka 1909 Wajapani walifungua hapa bustani ya wanyama, na wanyama hawakuhamishwa hadi miaka ya 1980. Nyumba ya vioo ya mimea ya wakati huo bado ipo nyuma.

Jioni nenda Makumbusho ya Taifa, stesheni ya Ichon, mstari wa 4. Jumatano na Jumamosi hubaki wazi hadi saa tatu usiku, makundi ya wanafunzi yamesharudi kwao. Maonyesho ya kudumu ni bure. Usijaribu kuyamaliza, jengo ni kubwa kupita kiasi. Mimi ningeona vitu vitatu.

Cha kwanza kinakupokea mwisho wa ukumbi mrefu: mnara wa marumaru wa hekalu la Gyeongcheonsa, ghorofa kumi, mita 13.5, wa mwaka 1348. Ofisa wa Kijapani aliuchukua vipande vipande mwaka 1907. Waandishi wawili, Bethell Mwingereza na Hulbert Mmarekani, walipiga kelele magazetini, na ukarudishwa mwaka 1918. Cha pili ni chumba chenye giza na sanamu mbili tu za shaba za bodhisattva, mtakatifu wa Kibudha, aliyekunja mguu, kidole shavuni. Chumba kilifunguliwa 2021. Kaa humo, zunguka nyuma yake pia. Zimewekwa ili zionekane pande zote.

Cha tatu ndicho kinachofunga siku yako: vitabu vya Uigwe, kumbukumbu za sherehe za kifalme, zilizochorwa mtu kwa mtu, farasi kwa farasi. Jeongjo alijenga tawi la maktaba yake kisiwani Ganghwa ili viwe salama. Mwaka 1866 wanamaji wa Ufaransa wakavipora. Mkutubi Park Byeong-seon alivigundua ndani ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa miaka ya 1970, na juzuu 297 zilirejea mwaka 2011, kwa karatasi zikiitwa mkopo. Asubuhi umesimama kwenye maktaba isiyo na vitabu. Jioni vitabu vyenyewe viko mbele yako.

Siku ya tatu: Deoksugung na gereza

Deoksugung iko katikati ya mji, stesheni ya City Hall, imezungukwa na maghorofa. Baada ya mauaji ya malkia, Gojong alitoroka mwaka 1896 akajificha ubalozi wa Urusi, na mwaka uliofuata akahamia hapa na kujitangaza mfalme mkuu wa dola. Ndiyo maana utaona Seokjojeon, jumba la mawe lenye nguzo za Kizungu, lililokamilika mwaka 1910, wakati dola lenyewe linazimika. Ndani ni makumbusho ya Dola la Korea, na samani zipo. Weka nafasi mapema kuingia.

Jengo muhimu kuliko yote liko nje ya ukuta wa sasa. Fuata njia ya kandokando ya ukuta wa mawe (wenyeji hudai wapenzi wakitembea hapo wataachana, msisumbuke) hadi Jungmyeongjeon, jengo dogo la matofali mekundu lililochorwa na yule yule Sabatin. Humu ndani, Novemba 1905, mawaziri walitia saini mkataba ulioikabidhi Japani mambo ya nje ya Korea. Hakuna kiingilio, na dakika arobaini zinatosha. Mnara mweupe uliobaki wa ubalozi wa Urusi uko mlimani karibu.

Gojong alifia Deoksugung Januari 1919. Watu walipomiminika Seoul kwa mazishi yake, yakazuka maandamano ya uhuru ya 1 Machi. Kwa hiyo makumbusho ya kasri hili ni Gereza la Seodaemun, stesheni ya Dongnimmun, moja tu baada ya Gyeongbokgung kwenye mstari wa 3. Lilifunguliwa mwaka 1908. Yu Gwan-sun, msichana aliyeongoza waandamanaji kwao, alifia humo Septemba 1920 akiwa na miaka 17. Kuna chumba kilichobandikwa kuta nzima kadi za wafungwa, elfu kadhaa, kila moja na picha. Vyumba vya mateso vina sanamu za kutisha. Ukiwa na watoto wadogo, virukeni. Gereza hufungwa Jumatatu.

Ukibaki na nusu siku, shuka Samgakji kwenye Makumbusho ya Vita ya Korea, nayo ni bure na hufungwa Jumatatu. Tafuta sehemu ya majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliyopigana Vita vya Korea: Ethiopia ilipeleka kikosi cha Kagnew kuanzia 1951, na ni wachache kwetu wanaolijua hilo. Kutoka hapo Itaewon ni stesheni mbili kwa mstari wa 6, na huko kuna Msikiti Mkuu wa Seoul, uliofunguliwa mwaka 1976, na mtaa mzima wa migahawa ya halali unaoshuka kutoka mlangoni mwake.